Mapezi na Tangi: Mikopo Miwili Kutoka kwa Ndege Moja

Mwaka 1941, Marekani ilipokuwa bado haijaingia katika Vita Kuu ya Pili, wasanifu wa kampuni ya General Motors walipelekwa kwenye kiwanja cha ndege za kijeshi karibu na mji wa Detroit kuonyeshwa ndege mpya ya kivita, Lockheed P-38. Haikufanana na ndege waliyoizoea. Rubani alikaa katikati, na kila upande wake ulitoka mhimili mrefu wenye injini mbele na pezi la mkia nyuma. Mkuu wa wasanifu hao, Harley Earl, aliondoka na picha ya mapezi yale kichwani. Vita vilipokwisha, gari la Cadillac la mwaka 1948 lilitoka kiwandani likiwa na vinundu viwili vilivyoinuka nyuma, juu ya taa. Hayo ndiyo mapezi ya kwanza.

Ndege hiyo hiyo ilimpa mtu mwingine jambo lingine. Bill Burke, kijana wa California aliyetumikia jeshi katika Bahari ya Pasifiki, aliyaona huko matangi ya akiba ya petroli ambayo ndege za kivita huyachukua chini ya mbawa au tumbo na kuyaangusha yanapokwisha mafuta. Yalikuwa na umbo la tone refu, na baada ya vita yaliuzwa kwa bei ya vyuma chakavu. Mwaka 1946 Burke alitengeneza gari la mashindano kwa tangi la ndege ya P-51. Baadaye akahamia kwenye tangi la P-38, kwa kuwa lilikuwa kubwa zaidi na liliweza kumeza injini na dereva pamoja.

Basi mmoja alikopa mkia, mwingine akakopa tangi. Ili kuona ni nani aliyekopa kwa busara, hapana budi kutazama kazi ambayo hewa huifanya juu ya gari.

Gari linapokwenda huisukuma hewa iliyo mbele yake, na hewa nayo hulisukuma gari nyuma. Kani ya ukinzani huo hutegemea mambo manne: uzito wa hewa katika kila mita ya ujazo (kama kilo 1.2), eneo la gari likitazamwa kutoka mbele, mraba wa kasi, na namba ambayo wahandisi huipa kila umbo baada ya kulipima, ambayo hapa itaitwa namba ya umbo. Vyote huzidishwa pamoja, kisha jibu hugawanywa kwa mbili.

Mwanafunzi achukue gari lenye eneo la mbele la mita mbili za mraba na namba ya umbo 0.45. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde, ukinzani ni nyutoni 104 tu, na injini hutumia chini ya kilowati moja na nusu kuushinda. Mwendo ukifika kilomita 100 kwa saa, ukinzani huwa nyutoni 417, mara nne. Lakini nguvu inayotakiwa ni kani ikizidishwa kwa kasi, hivyo hupanda mara nane na kufikia karibu kilowati 12. Namba ya umbo ikiteremshwa hadi 0.30 bila kubadili kitu kingine chochote, kilowati nne katika hizo huokolewa. Dereva wa basi aliyejaza mizigo kwenye keria, kisha akashangaa kuona petroli ikiisha upesi, analipa gharama ya hesabu hii hii.

Wengi hudhani kwamba siri ya umbo jema ni pua iliyochongoka. Sivyo. Sehemu yenye madhara makubwa ni nyuma, mahali ambapo hewa huachana na mwili wa gari na kuzunguka ovyo, ikiacha nafasi yenye mgandamizo mdogo unaolivuta gari kinyumenyume. Jambo hili laweza kuonekana darasani bila chombo cha gharama. Mshumaa uwashwe, na mbele yake usimamishwe ubao mwembamba bapa wenye upana kama wa chupa. Mwanafunzi apulize ubao huo kutoka upande wa pili: mwali hauzimiki, na mara nyingi huinama kuelekea ubao, kwa sababu hewa ya nyuma inarudi kinyume. Kisha ubao uondolewe na chupa ya duara iwekwe mahali pake. Mara hii mwali huzimika, kana kwamba pumzi imepenya katikati ya chupa. Hewa imefuata mviringo na kukutana tena nyuma.

Jodari hahitaji kufundishwa somo hili; mwili wake ni mnene mbele na hupungua polepole kuelekea mkiani. Paul Jaray, mhandisi mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi katika kiwanda cha meli za angani za Zeppelin, alilihamishia kwenye magari mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1934 kampuni ya Tatra ya Chekoslovakia iliuza gari lililojengwa kwa kanuni zake. Gari hilo lilikuwa na pezi moja katikati ya mgongo, na hilo lilikuwa na kazi: kulisaidia lisiyumbe. Mwaka huo huo Chrysler ilitoa gari lake la Airflow, lililopimwa katika handaki la upepo. Wanunuzi hawakuipenda sura yake, na mwaka 1937 likaachwa.

Somo ambalo viwanda vya Marekani vililipata hapo lilikuwa la soko, na Harley Earl alilielewa kuliko yeyote. Baba yake alikuwa fundi wa bodi za magari ya kukokotwa na farasi mjini Los Angeles, na Earl mwenyewe alianza kwa kuunda bodi za pekee kwa wachezaji wa filamu wa Hollywood. Alipoingia General Motors mwaka 1927 aliuleta ufundi huo kiwandani: umbo lilifinyangwa kwanza kwa udongo, likatazamwa, likakwanguliwa, likafinyangwa tena. Jicho ndilo lililokuwa kipimo. Kwa kuwa sura ilibadilishwa kila mwaka ili gari la mwaka uliopita lionekane limezeeka, mapezi hayakuwa na njia ila kukua. Ya Cadillac ya mwaka 1959 yalikuwa marefu kuliko yote.

Kasi waliyoiashiria haikuwapo. Kwa mwendo wa barabarani mapezi hayo hayakupunguza ukinzani wa hewa. Yaliongeza bati na uzito. Wala hayakuwa pambo lisilo na madhara. Katika kitabu chake cha mwaka 1965, mwanasheria Ralph Nader alieleza habari ya mtoto aliyekuwa akiendesha baiskeli, akagonga gari lililoegeshwa, na ncha ya pezi ikamtoboa. Alikufa. Gari lilikuwa limesimama.

Mafundi wa mitaani wa California walisimama katikati ya pande hizi mbili. Karakana kama ile ya ndugu Barris zilikata nguzo za paa na kulishusha, zikaziba maungio kwa risasi iliyoyeyushwa, kisha zikapiga rangi juu ya rangi. Kushusha paa hupunguza eneo la mbele, na eneo likipungua kwa sehemu moja ya kumi, huku namba ya umbo ikibaki ile ile, ukinzani hupungua kwa kiasi hicho hicho. Lakini risasi ni nzito, na magari mengi ya namna hiyo yalitengenezwa kwa ajili ya kutazamwa.

Magari ya tangi yalitengenezwa kwa ajili ya saa ya kupimia. Mwaka 1952 gari la Alex Xydias, lililoundwa kwa tangi la P-38, lilifikia karibu kilomita 319 kwa saa kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, kwa injini ya Mercury ya aina iliyotumika katika magari ya kawaida. Nalo halikuwa kamilifu: magurudumu yalikuwa nje ya tangi na yaliivuruga hewa vibaya. Hata hivyo tangi lilikuwa limekopwa pamoja na sababu ya umbo lake.

Cadillac ya mwaka 1965 ilitoka bila mapezi. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, viwanda vilirudi kwenye handaki la upepo, na mwaka 1982 Audi 100 iliuzwa ikiwa na namba ya umbo 0.30. Ford Sierra ya mwaka huo huo, yenye mgongo wa mviringo, iliyumbishwa na upepo wa ubavuni. Mwaka 1985 wahandisi waliongeza vijipezi viwili vya mpira kwenye kingo za vioo vya nyuma vya ubavuni ili hewa iachane na gari mahali panapojulikana. Vilikuwa vidogo kiasi kwamba wenye magari wengi hawakuviona.