Risasi Iliyogeuzwa Dadu

Kiswahili kimeyapa mambo mawili jina moja. Risasi ni madini mazito ya kijivu ambayo wavuvi wetu huyafanyia chubwi za mishipi yao, na risasi ni kile kitokacho mdomoni mwa bunduki. Maana hizo mbili zimekutana katika kitu kidogo ambacho wanaakiolojia hukifukua katika makambi ya vita vya uhuru wa Marekani, vilivyopiganwa baina ya mwaka 1775 na 1783. Kitu hicho ni dadu la kuchezea, na kabla ya kuwa dadu kilikuwa risasi ya bunduki.

Bunduki za zama hizo zilishindiliwa risasi ya mviringo mfano wa gololi. Madini yenyewe ni laini hata ukucha huyaachia alama, basi askari hakuhitaji karakana. Aliigonga risasi yake upande huu na upande huu mpaka ikapata nyuso sita, kisha akatoboa vitone kwa msumari au ncha ya kisu. Lililotoka mkononi mwake lilikuwa na upana wa sentimita moja na kitu, na uzito usiopungua wa kijiko cha chai. Desturi ya dadu ni moja kuelekeana na sita, mbili na tano, tatu na nne, kila jozi ikitimia saba. Lakini dadu la kugongwa kwa mkono ni nadra kutoka sawasawa. Uso ulio mpana hupenda kulala chini, na mwenye kulijua dadu lake alikuwa amekwisha kumtangulia mwenzake kabla halijarushwa.

Jambo linalotushughulisha zaidi ni kwamba madadu haya hayakutakiwa kuwapo. Jenerali George Washington, amiri wa jeshi hilo, aliupiga marufuku mchezo wa karata na dadu tarehe 8 Mei 1777. Miezi minane baadaye, tarehe 8 Januari 1778, akalazimika kurudia. Jeshi lilikuwa limepiga kambi Valley Forge, katika Pennsylvania, askari wapatao 12,000 ndani ya vibanda vya magogo, wengi wao bila viatu wala mablanketi ya kutosha. Takriban watu 2,000 waliaga dunia katika kambi ile, wengi kwa maradhi. Mishahara ilichelewa, na ilipofika ilikuwa noti za karatasi ambazo thamani yake ilipungua kila uchao. Katika dhiki hiyo kamari ilianza kunyemelea tena, na jenerali akaapa kuwaadhibu maofisa na askari bila kubagua.

Sababu aliyoitoa inafaa kuzingatiwa na kila mzazi. Alisema kwamba mchezo wa kujiburudisha na mchezo wa kutafuta fedha haviwezi kutenganishwa pindi mlango ukiachwa wazi. Kwa hiyo akaufunga mlango wote. Wala hakuwa mtu asiyeujua mchezo. Nyumbani kwake alicheza karata kwa fedha, akaandika katika daftari alichopata na alichopoteza. Sisi tuliokatazwa kamari katika Suratul Maida pamoja na ulevi tunaitambua hoja hiyo mara moja, maana wanazuoni wengi wameukataza mchezo wa dadu hata pasipo dau. (Habari ya ludo ya barazani tunawaachia masheikh, hatutaki ugomvi na watoto wa likizo.) Na kijana anayebahatisha matokeo ya kabumbu kwenye simu naye huanza kwa shilingi chache anazoziita burudani.

Amri zilizoandikwa hutuambia mkubwa alitaka nini. Dadu lililofukuliwa hutuambia wadogo walifanya nini, nalo halina haja ya kumpendeza mtu yeyote.

Katika kambi ile walikuwapo pia wanawake, mamia kwa hesabu, pamoja na watoto. Walifua nguo na kuuguza wagonjwa, na chakula walichogawiwa kilikuwa kichache kuliko cha askari. Hatuna haja ya kubuni kisa ili tujue nani alilala na njaa pindi mume aliporejea kibandani mikono mitupu.

Risasi yenyewe, tukumbuke, ilikuwa adimu. Tarehe 9 Julai 1776 watu wa New York waliiangusha sanamu ya Mfalme George wa Tatu, iliyokuwa ya madini hayo hayo na kupakwa dhahabu. Vipande vyake vingi vilisafirishwa hadi mji wa Litchfield, katika Connecticut, na huko wanawake, mabinti na mtoto mmoja wa kiume wakaviyeyusha na kuvifanya risasi. Hesabu yao imehifadhiwa: risasi 42,088. Binti mmoja mdogo, Mary Ann Wolcott, aliandikiwa 10,790 peke yake. Hakuna awezaye kulishika dadu la Valley Forge akasema risasi hii ilitoka katika mikono fulani. Lakini mikono ya namna ile ndiyo iliyokaa motoni kuimimina moja baada ya moja, na kila iliyogeuzwa dadu ilikuwa imepungua katika mfuko wa askari.