Safu ya Nne Katika Daftari la Karurumo

Sikwenda Karurumo, katika kaunti ya Embu, kutafuta habari za vyuo vikuu. Nilikwenda kuuliza bei ya kahawa, na lau si mvua iliyonifungia ndani ya hoteli moja ndogo ya sokoni, nisingalilijua kamwe daftari ambalo tangu siku ile halijanitoka moyoni.

Ni daftari la shule, jalada lake limefunikwa kwa gazeti kuukuu na mgongo umeshonwa kwa uzi mweusi, na mwenyewe, mwalimu mstaafu ambaye wanafunzi wa shahada ya uzamili humtumia kuwa mkalimani na kiongozi wa njia, amelipiga rula safu nne: tarehe aliyofika mtafiti, chuo alichotoka, swali alilokuja nalo, na ya nne, iliyoandikwa kwa wino mwekundu, “Alirudi?” Hati ni ile ya walimu wa zamani, herufi zimeinama upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo, na maswali yanafuatana kama nyuradi: Mbolea. Mbolea. Mikopo ya vikundi vya akina mama. Mbolea. Ndizi. Muguka na vijana. Mbolea. Safu ya nne ni nyeupe kurasa kwa kurasa, ila mahali pawili.

Msomaji hahitaji kuelezwa jinsi elimu ya juu ilivyosogea huku: Chuka ilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, Embu ikafuata 2016, na kila mwenye kibali cha utafiti cha NACOSTI anatafuta kijiji cha karibu.

“Mwanangu,” mzee akaniambia, akikizungusha kikombe chake bighairi ya kunywa, “nyumba wanazohoji ni zile zile za kando ya barabara, kwa kuwa kijana huja na viatu vya mjini na nauli ya siku moja. Mama wa nyumba ya tatu huwatajia majibu ya mbolea kabla hawajaifungua karatasi.”

Nikamsimulia habari za Robert Chambers, Mwingereza aliyekuwa Chuo Kikuu cha Nairobi zama zile ambapo Mbere, jirani ya hapa, ilikuwa moja ya sehemu sita za mpango maalumu wa serikali wa maendeleo ya vijijini, na ambaye katika kitabu chake cha 1983 aliwashutumu wataalamu kwa kuuona umaskini wa kando ya lami tu. Mzee alicheka hata akakohoa. “Basi na yeye alipita kwa mama wa nyumba ya tatu!”

Nilipomwomba nasaha kwa wanaofanya utafiti wa uzamili, hakuzipanga. Zilimtoka kama zilivyokuja. Swali na liwe dogo kiasi cha kuelezeka kwa muuza viazi, naye akakuuliza lake juu ya hilo. Mtu asije Aprili, watu wakiwa katika kupalilia, wala Novemba, wakiwa katika kahawa. Aje Februari au Agosti, apewe na kigoda. Hojaji ijaribiwe kwanza kwa watu watano, kisha nusu ya maswali itupwe bila ya huruma. “Na usimwulize mtu mapato yake kabla ya chai, wala usiulize mkuu wa kaya ni nani mbele ya mume na mkewe, ila kama umejiandaa kulala hapo ukisuluhisha.” Aliyoyasikia mtu mchana ayaandike usiku uo huo, kwani akilala nayo, asubuhi ataandika yake, si ya mama yule. Sura ya tatu iandikwe mwanzo, madhali ndiyo anayoijua, wapi alikwenda na alimwuliza nani. Ya kwanza ingoje mpaka ajue hasa alikuwa akitafuta nini.

Juu ya wasimamizi sauti yake ilibadilika. Yeye mwenyewe alisoma uzamili utu uzima, akakaa miaka sita kwa shahada ya miwili, tasnifu yake nzima ikilala juu ya kabati katika chuo ambacho hakutaka nikitaje. “Mpelekee kurasa kumi kila wiki mbili. Kumi atazisoma ndani ya matatu. Mia mbili ataziheshimu tu.”

Kisha akanitolea mfukoni kitabu kilichochakaa, *Embu Historical Texts* cha H.S.K. Mwaniki, cha 1974, ambamo masimulizi ya wazee yamepigwa chapa kama walivyoyatoa. “Hawa wamo humu,” akasema, akikigonga kwa kidole. “Mama wa nyumba ya tatu yumo wapi?”

Nikamjibu kwamba chuo hudai nakala ya maktaba, hakidai nakala ya kijiji, na kwamba kijana aliyehitimu bila kazi hana nauli ya kurudi. Nani basi ailipe: yeye, chuo, au aliyemfadhili? Mzee hakujibu, nami sina jawabu.

Mvua ilipokatika nililifungua daftari ukurasa wa kwanza. Mstari wa juu kabisa ni wake mwenyewe, na swali lake: mtama, Siakago. Safu ya nne ni tupu. Kutoka Karurumo hadi Siakago ni safari ya matatu ya asubuhi moja.