Je, Wajua? Jina analobandikwa mtoto

Je, wajua kwamba klabu ya mpira ya Tout Puissant Mazembe ilianzishwa ili vijana wasikae bure? Mwaka 1939 mapadre Wabenedikto waliokuwa wakiongoza Institut Saint-Boniface mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walikuwa na wanafunzi ambao upadre haukuwa njia yao. Wakawapa mpira. Timu ikaitwa Saint-Georges, kwa heshima ya mtakatifu msimamizi wa maskauti. Baadaye ikabeba jina la Englebert, kampuni ya matairi, na kwa jina hilo ikatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na tena 1968. Desemba 2010 ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, kule Abu Dhabi. Yote hayo yalianzia kwa walezi waliojiuliza: hawa vijana jioni watafanya nini?

Swali hilohilo limo katika waraka wa Umoja wa Mataifa ambao watu wachache wameusoma. Tarehe 14 Desemba 1990, kwa azimio namba 45/112, Baraza Kuu lilipitisha mwongozo wa kuzuia uhalifu wa watoto na vijana. Unaitwa Mwongozo wa Riyadh, kwa sababu rasimu yake iliandaliwa katika mkutano uliofanyika Riyadh, Saudia, mwaka 1988. Una aya 66. Anayeufungua akitafuta habari za polisi na magereza atapekua sana, maana sehemu kubwa inazungumzia nyumba, shule, mtaa, ufundi na vyombo vya habari. Si mkataba, kwa hiyo hakuna serikali iliyotia sahihi. Nguvu yake yote ni hoja zake.

Na katika hoja hizo, mbili za aya ya 5 zingefaa kusomwa katika kila kikao cha wazazi. Ya kwanza: utundu mwingi wa ujana ni sehemu ya kukua, na kwa walio wengi huisha wenyewe mtu anapofikia utu uzima. Ya pili: ukimbandika kijana jina la mhalifu, au hata la mtu anayeelekea uhalifu, mara nyingi unamsukuma hukohuko.

Majina hayo tunayo tele. Nenda asubuhi soko la Kenya (Kenya hii si nchi, ni komine ya Lubumbashi, jirani na Kamalondo na Katuba). Utamwona mtoto wa miaka kumi hivi, gunia tupu begani, miguu imejaa vumbi jekundu. Anamfuata mama aliyetoka kununua unga wa bukari, yaani ugali: "Mama, nikubebeye?" Anatafuta kazi, basi. Lakini kabla mama hajajibu, mtu kibandani ameshapaza sauti: shege! Neno hilo, la kumwita mtoto wa barabarani, lilitoka Kinshasa likasambaa nchi nzima, na wapo wanaolihusisha na jina la Che Guevara. Mtoto akilisikia mara ishirini kwa siku hahitaji kuelezwa maana yake. Mama anaukumbatia mkoba, na kazi ya kubeba imepotea. Kesho mtoto huyo atakula nini?

Jina zito kuliko shege ni mulozi, yaani mchawi. Baba amefukuzwa kazi, mdogo mtu ameugua, na lawama inamwangukia mtoto, mara nyingi yatima au wa kambo. Wengi wanaolala nje mjini walitolewa nyumbani kwa neno hilo. Hapo hakuna kosa lolote ambalo mtoto amefanya. Mkosaji ni aliyemtamkia. Na je, wajua kwamba Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inalitaja jambo hili waziwazi? Kifungu cha 41 kinakataza kumtuhumu mtoto uchawi, sawa na kinavyokataza kumtelekeza. Sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, ikaongeza adhabu: anayemtesa mtoto kisaikolojia kwa tuhuma ya uchawi hufungwa mwaka mmoja hadi mitatu na kutozwa faini ya faranga 200,000 hadi 1,000,000.

Sheria hiyohiyo ilibadilisha pia lugha ya mahakamani. Kabla yake ilitawala amri ya kikoloni ya tarehe 6 Desemba 1950, na kichwa chake kilisema wazi: utoto mhalifu. Chini ya amri hiyo mtoto aliweza kupelekwa mbele ya hakimu kwa kuomba barabarani, kwa kuzurura, hata kwa ukaidi ambao mzazi ameushtaki. Mwongozo wa Riyadh, katika aya ya 56, unapinga jambo hilo hasa: kitendo ambacho si kosa kwa mtu mzima kisiwe kosa kwa kijana. Sheria ya 2009 ikaja na jina lingine, mtoto aliye katika mgogoro na sheria, naye ni wa miaka 14 hadi chini ya 18. Aliye chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa kuwa na hatia ya jinai, na hakuna ushahidi wa kulitangua hilo. Zikaanzishwa mahakama za watoto, na njia ya usuluhishi ikakubaliwa. Mgogoro huweza kumalizwa. Uhalifu ukishageuzwa jina la mtu, anatembea nao.

Lakini jina zuri halijazi sahani, na hapa historia ya Katanga, eneo la Lubumbashi, inauma. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto tarehe 27 Septemba 1990. Mwezi huohuo mgodi wa Kamoto, moyo wa kampuni ya madini ya Gécamines, uliporomoka. Kampuni iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 haikufikisha hata 40,000 mwaka 1994. Kwa nyumba ya mfanyakazi, Gécamines, na Union Minière kabla yake, haikuwa mshahara tu. Ilikuwa posho ya unga, shule ya watoto, hospitali ya mama mjamzito. Mshahara ukakaa miezi bila kulipwa, posho ikakatika, karo ikakosekana. Mnamo 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Watoto wao wakaingia mjini kuuza maji, wengine wakaenda machimboni kuosha mawe. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika habari za familia hizo katika kitabu cha mwaka 2001 ambacho jina lake linawaita Bana Shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Anayeuliza wale wa barabarani walitoka wapi aanzie hapo, kwenye sufuria iliyokauka.

Na ile karo? Elimu ya msingi bila malipo imo kwenye Katiba ya 2006, kifungu cha 43. Ilianza kutekelezwa Septemba 2019. Mtoto aliyezaliwa Katiba ilipopitishwa alikuwa ameshatimiza miaka 13.

Je, wajua kwamba Wasalesiani wa Don Bosco, watawa wa Kikatoliki, waliingia Élisabethville mwaka 1911, mji wenyewe ukiwa na mwaka mmoja tu? Mwanzilishi wao, Don Bosco, aliyewaona wavulana katika magereza ya Turin, aliiita njia yake ya malezi mfumo wa kuzuia, zaidi ya miaka mia kabla ya Riyadh. Leo Lubumbashi wana Bakanja Ville kwa wavulana wanaotoka barabarani, Cité des Jeunes kwa wanaojifunza ufundi, na Maison Magone. Huyu Magone si askofu wala mfadhili. Michele Magone alikuwa mtoto mtukutu aliyekuwa akiongoza genge la wenzake kwenye stesheni ya treni ya Carmagnola, Italia. Don Bosco alipokutana naye hapo, alimuuliza yeye ni nani.