Houston Street, Mtaa Uliopangwa na Makatazo

Sehemu ya pili

Juma lililopita tuliwaacha wahamiaji bandarini. Wayahudi wapatao milioni mbili waliingia Marekani kutoka Urusi, Poland na Romania kati ya mwaka 1881, Mfalme Alexander wa Pili wa Urusi alipouawa na Wayahudi wakaanza kushambuliwa, na mwaka 1924, Marekani ilipopitisha sheria ya kubana wageni. Wengi walishukia New York, na makazi yao ya kwanza yakawa Lower East Side, pembe ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Manhattan. Leo tuwafuate mtaani tuone walikula nini, na nani aliwauzia.

Njia yetu ni fupi. Houston Street ni barabara pana, ya magari na kelele, isiyo na uzuri wa kumsimamisha mpita njia. Hata hivyo, ukishika upande wake wa kusini ukaelekea mashariki, kuanzia namba 137 hadi namba 205, mwendo wa dakika tano kwa mtu asiye na haraka, unapita maduka matatu ya chakula ambayo yote yamevuka umri wa miaka mia moja. Kinachoshangaza ni kwamba yameishi jirani muda wote huo bila kunyang'anyana wateja. Kila moja lina chakula chake kikuu.

Sababu iko katika Taurati. Wayahudi walikatazwa kumpika mwanambuzi kwa maziwa ya mama yake, na wanazuoni wao wakalipanua katazo hilo hadi nyama na maziwa visikutane kabisa, iwe katika sufuria, katika sahani au katika mlo mmoja. Nyumba ya mshika dini huwa na vyombo vya seti mbili, na aliyekula nyama husubiri saa kadhaa kabla ya kugusa maziwa. Msomaji Mwislamu hatapata tabu kuelewa, maana mengi yanafanana na ya kwake: nguruwe haliwi, mnyama sharti achinjwe kwa kisu kikali, damu haramu. Hili la maziwa, hata hivyo, halimo katika Uislamu, nalo ndilo lililoyapanga maduka ya New York. Muuza nyama hakuthubutu kuweka jibini. Muuza jibini hakuthubutu kuweka soseji. Samaki, kwa sheria hiyohiyo, hahesabiwi kuwa nyama, kwa hiyo akahamia kwa watu wa maziwa. Basi pakawa na deli, yaani duka la nyama zilizokolezwa na kuivishwa tayari, na pakawa na duka la samaki na jibini. Wenyeji wa zamani hadi leo hukunja uso ukiliita la pili kwa jina la kwanza.

Namba 137 ni kwa Yonah Schimmel, mhamiaji kutoka Romania aliyeanza kwa mkokoteni; duka hili limekuwa hapa tangu mwaka 1910. Huuza knish, donge la viazi vilivyopondwa au nafaka, lililofungwa kwa ngozi nyembamba ya unga na kuokwa. Jiko liko chini ya ardhi, na madonge hupandishwa juu kwa kijilifti cha kamba. Viazi havina upande katika ugomvi wa nyama na maziwa, kwa hiyo kila mtu aliweza kuvila wakati wowote. Kusema kweli hiki ni chakula cha kushibia kuliko cha kusifia, nacho kilikusudiwa mshonaji wa kiwanda cha nguo aliyetaka kitu kimoja cha bei ndogo kimfikishe jioni. Karibu na duka hili palikuwa na jumba la sinema la Sunshine. Lilifungwa mwaka 2018, likabomolewa, na mahali pake limepanda jengo la ofisi.

Namba 179 ndipo ningemshauri mgeni atumie muda wake mwingi. Joel Russ alifika New York mwaka 1907 kutoka Galicia, nchi iliyokuwa chini ya Austria, akaanza kwa kuwauzia Wayahudi wenzake samaki aina ya heringi kutoka kwenye pipa. Mwaka 1914 alipata duka Orchard Street, na mwaka 1920 akahamia hapa. Hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na mabinti watatu, Hattie, Ida na Anne, ambao tangu wakiwa wasichana walizamisha mikono kwenye mapipa ya maji ya chumvi kumtolea mteja heringi anayemtaka. Mzee huyu hakuwa mtu wa maneno matamu, na wateja wengi walivutwa na mabinti. Mwaka 1935 akawafanya washirika wa biashara na kuandika juu ya mlango: Russ & Daughters, yaani Russ na Mabinti. Katika miji yetu ya pwani tumezoea vibao vya Wahindi vyenye baba na wana wa kiume. Kibao cha baba na mabinti sikumbuki kukiona, na hata Marekani yenyewe inasemekana hiki ndicho kilikuwa cha kwanza.

Ndani, mteja huchukua namba na kusubiri. Nyuma ya kioo wamelazwa samaki wa kila rangi, na mfalme wao ni samoni. Huyu zamani alitoka pwani ya Pasifiki, upande wa pili wa nchi, akasafirishwa kwa treni ndani ya mapipa ya maji ya chumvi, maana majokofu hayakuwapo. Mpwani anayemjua papa wa ng'onda atamwelewa mara moja: chumvi ni ya kumfikisha samaki kwanza, ladha inafuata. Baadaye ubaridi ulipopatikana, chumvi ikapunguzwa na samaki akapitishwa kwenye moshi mwembamba usio na joto, na huyo laini ndiye wateja wengi wanayemtaka leo. Yule wa chumvi tupu bado yupo, kwa wazee na kwa wabishi. Mkataji humlaza samaki na kumchana kwa kisu kirefu, karibu sambamba na meza, vipande vyembamba kiasi cha kupenyeza mwanga. Hii ni kazi ya kujifunza kwa miezi mingi, na mkataji mbaya anaweza kuila faida yote ya samaki mmoja.

Samaki huyo huwekwa ndani ya bageli, mkate wa duara wenye tundu katikati, unaochemshwa kwanza kisha ukaokwa, juu ya tabaka la jibini laini jeupe. Watu huuchukulia mlo huu kuwa ni wa kale, uliobebwa kutoka Ulaya ya mashariki kwenye masanduku ya mababu. Mkate kweli ulitoka Poland. Lakini samaki alitoka Pasifiki, na jibini hilo lilibuniwa katika jimbo la New York miaka ya 1870. Vitu hivi vitatu vilikutana Marekani. Vilikutana kwa sababu samaki, maziwa na mkate ni kundi linaloruhusiwa kukaa pamoja, na duka lililokatazwa kuuza nyama lilikuwa na kila sababu ya kuvikuza.

Tuvuke Orchard Street. Namba 205, kwenye kona ya Ludlow Street, ni Katz's, na hapa tumeingia upande wa nyama. Duka lilianzishwa mwaka 1888 na ndugu wawili wa ukoo wa Iceland. Willy Katz alijiunga nao mwaka 1903, binamu yake Benny akafuata mwaka 1910, na hao wawili wakanunua hisa za waanzilishi. Mlangoni unapewa tiketi. Kila unachochukua huandikwa juu yake, na unalipa wakati wa kutoka. Ukiipoteza, unatozwa dola 50.

Kinachowaleta watu ni pastrami. Jina na ufundi walivirithi Waromania kutoka kwa Waturuki waliowatawala, na Wayahudi wa huko waliitengeneza kwa nyama ya bata bukini. New York walikuta nyama ya ng'ombe ikiletwa kwa reli kutoka Chicago, tena kwa bei nafuu, hasa ile ya tumboni yenye mafuta ambayo wengine hawakuitaka. Nyama hulazwa katika maji ya chumvi na viungo kwa wiki kadhaa. Zamani ilitiwa shura, ambayo huilinda isioze na kuiachia wekundu wake hata baada ya kuiva. Kisha hupakwa pilipili manga na mbegu za giligilani zilizopondwa, hufukizwa kwa moshi polepole, huchemshwa, na mwisho huwekwa kwenye mvuke hadi nyuzi zake zilegee. Wakati huo mashine ya kukatia haifai tena, kwani ingeichana chanachana, ndiyo maana wakataji wa Katz's bado hutumia kisu na uma. Mkataji akikupa kipande uonje kabla hajajaza mkate, mila ni kumwachia kitu kidogo kwenye kikombe.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wenye duka walikuwa na watoto wao jeshini, wakawa wanawapelekea soseji ngumu za salami. Soseji ya namna hiyo ina maji machache, haihitaji barafu, na inastahimili safari ya meli. Tangazo la kuwahimiza wazazi wengine wafanye vivyo hivyo limebaki ukutani hadi sasa.

Kuna kitu kinachonichekesha hapa. Katz's haifuati tena sheria iliyoizaa. Hufunguliwa siku ya Sabato, na ukitaka jibini juu ya nyama utapewa. Mapishi ni ya Wayahudi, ila mshika dini halisi hawezi kukaa mezani.

Tumejua kwa nini maduka haya yalitengana. Swali la pili, ambalo watalii hawaulizi, ni kwa nini haya yamebaki na mengine yamekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 New York ilikuwa na deli za nyama za Kiyahudi zaidi ya 1,500. Leo zinahesabika bila tabu. Watoto wa wahamiaji walihamia viungani, maduka makubwa yakaanza kuuza nyama za pakiti, madaktari wakaanza kusema juu ya mafuta na chumvi. Na pastrami yenyewe haina faida kubwa: nyama hupoteza sehemu kubwa ya uzito wake kati ya moshi na mvuke, na ingawa mkate mmoja wa Katz's sasa unazidi dola 25, mwenye duka hapati nusu ya kile mteja anachodhani.

Kilichoamua zaidi, kwa maoni yangu, ni hati ya jengo. Katz's na Russ & Daughters wote wamekaa katika majengo ya kwao, na katika mji ambao kodi ya pango inaweza kupanda maradufu mkataba ukiisha, hilo linazidi mapishi yoyote. Tena hati ina faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Sheria za ujenzi za New York humpa kila mwenye kiwanja haki ya kujenga ukubwa fulani, na asipoutumia wote anaweza kumuuzia jirani sehemu iliyobaki. Katz's ni jengo fupi. Katika muongo uliopita wenye deli waliuza haki ya anga iliyo juu ya paa lao kwa mjenzi wa jirani, kwa bei iliyotangazwa kuwa karibu dola milioni 17. Ghorofa za matajiri zikainuka kandokando ya deli, na nyama ikaendelea kukatwa chini.

Hati peke yake haitoshi lakini. Carnegie Deli ya Seventh Avenue ilikuwa na jengo lake na foleni mlangoni, ikafungwa siku ya mwisho ya mwaka 2016 kwa sababu mwenye nayo alitaka kupumzika. Kwa Russ, mjukuu mmoja aliacha uwakili mwaka 1978 akaja kukata samaki, na mwaka 2009 kizazi cha nne kikapokea kisu. Na wapo ambao hati yenyewe iliwashawishi kuondoka. Si mbali na Katz's, Rivington Street, familia ya Streit ilioka mikate isiyochachwa ya Pasaka tangu mwaka 1925. Mwaka 2015 iliuza kiwanda ili zijengwe nyumba za kifahari, ikahamisha kazi nje ya mji.

Deli za New York hazijaisha, zimebadilisha wamiliki. Duka dogo la kona linalouza maziwa, sigara, kahawa na mkate wa kujazwa huitwa deli vilevile, na maelfu ya maduka hayo yameshikwa na Wayemeni. Sisi tunawajua ndugu zao: Washihiri wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, wenye kahawa, halua na duka lisilofungwa. Wengi wa hawa wa New York ni wapangaji. Tarehe 2 Februari 2017, kupinga amri ya Rais Trump ya kuwazuia raia wa Yemen na nchi nyingine sita zenye Waislamu wengi kuingia Marekani, wapatao elfu moja walifunga maduka kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku, wakakusanyika Brooklyn na kuswali hadharani mbele ya jengo la serikali ya mtaa.

Chakula kinachosifiwa sana katika maduka hayo kilitoka Harlem: nyama ya ng'ombe ya kusaga, ikikatwakatwa juu ya bamba la moto huku jibini likiyeyukia ndani yake, kisha vyote vinasukumwa ndani ya mkate mrefu. Nyama ikiwa imechinjwa ipasavyo, Mwislamu hana neno. Kwa sheria iliyopanga Houston Street, mkate huo hauingii katika duka la namba 179 wala katika deli ya mshika dini.

Juma lijalo tutavuka mto hadi Brooklyn, Atlantic Avenue, kwa Waarabu wauza viungo.