Asiyesajiliwa na Mwajiri Hahesabiwi

Mtumishi wa umma anayefanya kazi Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma, akiisoma hati yake ya mshahara atakuta makato ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF: asilimia 3. Mwajiri naye huweka asilimia 3, jumla 6. Utaratibu huo ulitokana na sheria ya mwaka 1999, na Mfuko ukaanza kazi mwaka 2001. Wengi hutazama fedha tu. Lakini fedha hizo huambatana na orodha: jina, namba ya uanachama, mwajiri, kiwango cha mshahara. Orodha hiyo ndiyo inayoiambia serikali nani ana bima na analipiwa na nani.

Nyuma ya kila mchangiaji kunaweza kuwa na mwenza na wategemezi hadi wanne. Kwa hiyo mchangiaji mmoja anaweza kuleta wanufaika sita, yeye mwenyewe akiwemo, na ripoti inayotaja “wanachama” bila kusema ni wachangiaji au wanufaika humpotosha msomaji.

Orodha ya pili huzaliwa hospitalini. Mgonjwa akifika Hospitali ya Benjamin Mkapa, kadi huhakikiwa mapokezi, kisha fomu ya madai hujazwa: ugonjwa, vipimo, dawa, bei. Madai yakijumlishwa, Mfuko huona kisukari, shinikizo la damu, figo na saratani vinakula kiasi gani cha michango. Huona pia kituo kinachodai vipimo vingi kupita wenzake, na hapo ndipo mkaguzi huanzia. Hata bei hupangwa kwa takwimu hizo. Kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika tarehe 1 Machi 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa NHIF zikisema bei hazifidii gharama. Ule ulikuwa ugomvi wa takwimu: huduma inagharimu kiasi gani hasa, na nani kapiga hesabu hiyo? Aliyeumia ni mgonjwa aliyesimama mlangoni na kadi yake halali mkononi.

Kampuni nyingine huwanunulia wafanyakazi bima binafsi. Hapo taarifa za ada na madai hupelekwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, nao una fao lake la matibabu. Tatizo ni kwamba orodha hizi hazisomani. Mama ni mwalimu mwenye NHIF, baba yuko benki yenye bima binafsi, na watoto wao wanaweza kuandikwa pande zote mbili. Namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, ingesaidia kuwatambua wazazi, lakini kitambulisho hicho hutolewa kwa mwenye miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo watoto, ambao ni sehemu kubwa ya wanufaika, hubaki nje ya uhakiki huo.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake makuu yako hapa Dodoma, hupita njia nyingine: huwauliza watu wenyewe majumbani. Ndiyo maana ni muhimu kuuliza takwimu imetoka njia ipi: wakati wa mjadala uliozaa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, serikali ilikuwa ikitaja kwamba wenye bima ni takriban asilimia 15 ya wananchi.

Sasa mfikirie kijana anayeendesha mashine ya kukamua alizeti Singida, mbeba magunia wa soko la Kibaigwa, kibarua wa mizabibu Hombolo. Wana bosi, wanapokea ujira, lakini wengi wao hawamo katika orodha yoyote ya mwajiri. Matokeo yake hutupwa kwenye kapu la “sekta isiyo rasmi” na kutarajiwa kujilipia wenyewe, ilhali yupo anayewaajiri na kufaidi jasho lao. Kwangu mimi hili ndilo kosa kubwa la takwimu zetu za bima, kwa sababu linamwondolea mwajiri wajibu kabla hata hajaulizwa.

Marekani walikwishaanza kumuuliza. Tangu mwaka 1996 idara yao ya sensa hupeleka dodoso kwa waajiri: unatoa bima? Wafanyakazi wangapi wanastahili? Wangapi wamejiunga? Ada ni kiasi gani, na mfanyakazi anabeba sehemu gani? Tofauti kati ya majibu hayo ndiyo yenye thamani. Huonyesha kama mtu amekosa bima kwa kuwa mwajiri haitoi, kwa kuwa mkataba wake haumruhusu, au kwa kuwa sehemu yake imemshinda. Orodha ya michango haiwezi kusema hayo, maana inawaonyesha waliokwisha kuingia tu. Ofisi yetu ya Takwimu tayari huwafikia waajiri kwa utafiti wa ajira na mapato. Maswali hayo yaongezwe humo, sampuli ishuke hadi kwenye karakana ya watu watatu, na majibu yachapishwe kwa kila mkoa.

Dawa ya orodha zisizosomana ni kuziunganisha, lakini kuziunganisha nako kuna hatari yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mwajiri anastahili kujua mchango umelipwa. Ugonjwa si wake kuujua. Wanaopanga sera nao wapewe takwimu zilizoondolewa majina, na hata hapo kuna mtego: jedwali linaloonyesha mwalimu mmoja anayesafishwa damu katika kata moja ya Bahi limeshamtaja. Idadi ndogo kama hizo ziunganishwe na za kata jirani kabla jedwali halijatoka ofisini.