Nipe Mji: Kiswahili cha Kuchezwa Darasani Rumonge

Sokoni Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, Kiswahili hakingoji ratiba. Muuza ndagala (dagaa) hutaja bei kwacho, mchuuzi aliyevuka kutoka Kongo huomba kupunguziwa kwacho, na familia zilizorejea kutoka ukimbizini Tanzania zimerudi nacho, pamoja na watoto waliozaliwa huko. Shuleni mambo ni mengine. Tangu mageuzi ya 2005, shule ya msingi Burundi ina lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Darasa likijaa na vitabu vikiwa haba, ni rahisi somo kuishia kwenye kunakili ubao.

Dakika kumi za mchezo kila siku zingesaidia, na mchezo wenyewe watoto wanao: vitendawili. Kwa Kirundi mtegaji huita “Sokwe!” na wenzake hujibu “Niruze!” Kwa Kiswahili ni “Kitendawili!” na “Tega!” Kanuni wanazijua; kinachobadilika ni lugha tu.

Utamu uko kwenye kushindwa. Jibu likikosekana, mtegaji hudai mji. Mwalimu aweke sharti: mji uwe kando ya ziwa, katika nchi yoyote kati ya nne zinazolizunguka. Akipewa Kigoma, Kalemie, Uvira au Mpulungu, mtoto asimulie safari yake kabla ya kufichua jibu: nilipanda mtumbwi, nikafika, nikakaribishwa, nikala samaki mukeke. Hapo -li- na -ka- zinafundishika bila kutajwa, na jiografia inaingia yenyewe.

Kisha watunge vitendawili vyao. “Usiku mji juu ya maji, asubuhi haupo”: taa za wavuvi wa ndagala. “Nina mafuta mwilini, nina mafuta mfupani”: chikichi, ambalo nyama yake hutoa mawese na kokwa yake hukamuliwa pia. Mtoto hawezi kutunga hivi bila kukitazama kitu vizuri na kukitafutia maneno.

Siku nyingine darasa ligeuzwe soko, vijiwe viwe ndagala na vikaratasi viwe faranga. Muuzaji ataje bei, mnunuzi aombe punguzo kwa adabu, kisha wabadilishane zamu. Hata mwenye haya huzungumza akiwa na mali ya kuuza.

Mwalimu asimkatize anayekosea katikati ya mchezo. Aandike makosa pembeni, ayarudie mwishoni bila kutaja jina. Wala asiruhusu mtoto achekwe kwa Kiswahili cha Kongo au cha kambini. Amuulize kwao husemaje, darasa lilinganishe.

Kazi ya nyumbani iwe kitendawili kimoja kilicholishinda darasa, jibu lake likiwa bado halijafichuliwa. Mvuvi au muuza mawese ambaye hakusoma hawezi kusahihisha daftari la mwanawe, lakini kitendawili anaweza kukitegua, na kesho yake mtoto atakuwa na jibu ambalo pengine hata mwalimu hakulijua.