Irabu ya Mwisho Katika Kiswahili cha Watangazaji wa Turkana

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja tu katika usemaji wa redioni, nalo ni hatima ya irabu ya mwisho wa sentensi katika Kiswahili cha mtangazaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiturkana. Jambo hili huitwa "kumeza maneno", na huhesabiwa kuwa uvivu wa kinywa. Sivyo.

Kiturkana ni mojawapo ya lugha za Kinailoti cha Mashariki. Kama alivyoonyesha Dimmendaal (1983), irabu zake za mwisho mara nyingi hutamkwa kwa mnong'ono kabla ya kituo: ulimi na midomo hushika mahali pake, lakini nyuzi za sauti hazitetemi. Jina la Mungu huandikwa Akuj, ingawa umbo lake kamili lina u mwishoni. Mgeni haisikii, mwenyeji anaijua. Basi anayeinong'ona irabu hiyo anasema Kiturkana sawasawa.

Kiswahili hakitoi ruhusa hiyo. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho, hata kinywani mwa mzaliwa wa Mvita, ni dhaifu. Lakini ndiyo iliyobebeshwa sarufi. "Ng'ombe wote warudishwe" ni dai. "Ng'ombe wote warudishwa" ni habari kwamba shauri limekwisha. Huko Lokiriama, karibu na mpaka wa Uganda, ambako Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja walipatana mwaka 1973, tofauti hiyo si ya darasani. Hata "amani" hutengwa na "amana" kwa irabu moja tu. (Hapa muktadha utamwokoa msikilizaji, nakiri, katika mfano wa ng'ombe hautamwokoa.)

Ana kwa ana, msikilizaji huona midomo. Redioni haoni kitu, na irabu ya mnong'ono, kwa kuwa nguvu yake ni ndogo, ndiyo inayopotea kwanza katika redio ya betri penye upepo. Mturkana mwenzake huenda akaikamilisha kwa mazoea. Lakini huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, wamo wasikilizaji kutoka Sudan Kusini na Somalia waliojifunza Kiswahili ukubwani, nao hawana mazoea hayo.

Kumwambia mtangazaji apaze sauti hakufai kitu: apazaye huongeza nguvu penye mkazo, na silabi ya mwisho huzidi kufifia. Afundishwe pumzi, abakize hewa hadi irabu iishe, ndipo atue. Zoezi jepesi ni kuongeza neno baada ya kitenzi, "warudishwe leo", ili irabu isikabili kituo, kisha neno hilo liondolewe na irabu ibaki ilivyokuwa. Taarifa nayo yaweza kuandikwa hivyo tangu mwanzo, kitenzi chenye uzito kisiachwe mwishoni. Na anaporudia habari ileile kwa Kiturkana, aiache irabu inong'one.